Yanmar 3GM30F ya mashua inachemka ikipita mizunguko 2,600, themostati na impela ni mpya

NahodhaMtangawanda

Assalaam aleikum mafundi na manahodha.

Naomba msaada kabla hatujatoa pesa ya kipoozeo kipya. Chombo ni mashua ya mbao ya futi 36, injini ya ndani Yanmar 3GM30F, ile ya maji aina mbili: maji matamu yanazunguka ndani ya injini, maji ya bahari yanapita kwenye kipoozeo, kuyapoza yale matamu, na kutokea ekzosi. Kazi yake ni abiria na mizigo baina ya Amu (Lamu) na Mtangawanda kupitia Mkanda, ule mkondo mwembamba.

Hali ni hii. Chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika mshale wa joto unatulia kwenye 78, hata safari iwe ndefu. Ukifikisha 2,600 na mzigo umo, baada ya muda mfupi mshale unapanda hadi 95 na kengele inalia. Ukipunguza mafuta joto linashuka lenyewe. Gatini maji ya ekzosi yanatoka vizuri. Chombo kikiwa mbioni yanatoka machache, yamechanganyika na mvuke. Ukifungua mafuta yote injini haipiti 2,900, na kuna moshi mweusi ambao haukuwepo zamani. Oili haina weupe, maji ya tangi hayapungui.

Vilivyobadilishwa ni themostati (valvu inayofunguka kwa joto), impela (gurudumu la mpira lenye mapezi ndani ya pampu ya maji ya bahari) na kulanti (dawa ya maji matamu ya injini). Fundi mmoja ashauri tutoe themostati kabisa, mwingine asema kipoozeo kimekwisha. Ninachotaka ni njia ya kupima, nijue kizuizi kiko wapi kabla ya kuagiza kitu Mombasa.

FundiLangoni

Waaleikum salaam nahodha. Umeuliza vizuri, maana vyombo vingi hapa vinabadilishiwa vipuri kwa kukisia.

Kwanza themostati iache mahali pake. Katika injini nyingi ukiitoa, sehemu ya maji inapitia njia ya mkato na kurudi ndani bila kufika kwenye kipoozeo, kwa hiyo joto la mzigo mkubwa halipungui kama mtu anavyodhani. Na ukienda polepole injini inakaa baridi mno, dizeli haiungui yote, masizi yanajaa kwenye ekzosi. Ya maji aina mbili inaanza kufunguka kwenye nyuzi 71 na kufunguka yote karibu 85. Hakikisha hukuuziwa ya injini inayopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja, hiyo yafunguka kwenye 42. Kuipima ni rahisi: ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, visiguse chini, pasha moto taratibu na utazame inapoanza kuachia.

Sasa kuziba. Injini inayochemka hata ikiwa polepole mara nyingi haipati maji kabisa, au gasketi ya hedi imekwisha. Inayochemka kwa mzigo tu inapata maji, ila hayatoshi joto la kazi ile. Ya kwako ni ya pili. Chukua ndoo ya lita 20 na saa, tupime.

Funga koki ya chini, ile inayoingiza maji ya bahari. Toa mpira unaotoka kwenye chujio la maji ya bahari kwenda kwenye pampu, utumbukize kwenye ndoo iliyojaa. Weka ndoo ili maji yake yawe karibu usawa wa bahari ya nje. Ukiiweka juu sana utaisaidia pampu na kipimo kitakudanganya. Washa injini kwa mizunguko 1,000, gia iwe huru, pima inachukua muda gani kunywa lita 20. Mtu wa pili asimame na ndoo nyingine aongeze kabla haijakauka. Kisha rudia kwa 2,500. Ekzosi inapata maji wakati wote, kwa hiyo mpira wake hauungui.

Pampu ya impela inasukuma karibu kiasi kile kile kila mzunguko. Ukizidisha mizunguko mara mbili na nusu, maji nayo yaongezeke karibu mara mbili na nusu. Yasipoongezeka hivyo, kuna kitu kinakaba, kwa sababu impela ya mpira ikikutana na shinikizo mbele yake inajikunja na maji yanarudi nyuma. Ndiyo maana gatini waona maji mengi na baharini huyaoni.

Ndoo ikinywewa sawasawa lakini ukiwa baharini injini inachemka, kizuizi kiko kabla ya pampu: koki, chujio, au wavu wa chini. Ikinywewa polepole kwa mizunguko mingi, kizuizi kiko kwenye pampu yenyewe au mbele yake.

Kipimo cha pili ni joto. Tafuta kile kipimajoto cha umbo la bastola. Zungusha utepe mweusi kwenye bomba la maji ya bahari linaloingia kwenye kipoozeo na kwenye linalotoka, maana chuma kinachong'aa kinakipotosha. Pima ukiwa safarini, 2,600, mzigo umo. Kwa injini ya ukubwa huu, joto linaloingia kwenye maji ya bahari ni karibu sawa na nguvu inayofika kwenye shafti, tuseme kilowati 15 kwa mwendo huo. Maji yakiwa ya kutosha, lita 15 hadi 20 kwa dakika, yataongezeka nyuzi 10 hadi 15 tu.

Tofauti ikiwa kubwa, nyuzi 20 na zaidi, kipoozeo kinafanya kazi ila maji ni machache. Tofauti ikiwa ndogo, nyuzi 5 au 6, na injini inachemka, maji yapo lakini joto halivuki: mabomba membamba ya ndani yamevaa gamba, au maji matamu hayazunguki. Hapo ndipo uanze kuzungumza habari ya kipoozeo.

KupwaNaKujaa

Kabla ya ndoo, fungua chujio. Njia ya Mkanda maji yakipwa propela inakoroga matope na majani ya mikoko, na mifuko ya nailoni haijaisha. Mfuko ukishika wavu wa chini unavutwa injini ikiwa mbioni, ukizima unaachia na kuelea zake, hutauona.

Tazama pia mpira wa kutoka kwenye koki hadi kwenye pampu. Uwe wa aina iliyo na waya ndani. Mpira laini wa kawaida unajikunja kwa mvuto wa pampu ukiongeza mizunguko, na ukisimama unarudi umbo lake. Uangalie injini ikiwa 2,500, si ikiwa imezimwa.

Na wavu wa chini usielekezwe omo kama kijiko cha kuchota. Chombo kikienda kwa tanga au kikivutwa, maji yanasukumwa kupita impela mpaka mafla ya maji, lile pipa la ekzosi linalopokea maji na moshi, inajaa, na yakizidi yanaingia silinda.

DeheniNaSifa

Nahodha, mambo matatu uliyoyataja pamoja ndiyo yenye jibu: joto, moshi mweusi, na kutopita 2,900. Injini hii ikiwa nzima na propela yake ni ya saizi yake, inapaswa kufika 3,400 hadi 3,600 mafuta yakifunguliwa yote. Kipoozeo kilichoziba hakileti moshi mweusi. Propela kubwa mno au makombe yaliyogandia mbao chini huleta moshi na kupunguza mizunguko, na joto kiasi, lakini hayapunguzi maji ya ekzosi. Kitu kimoja kinaleta yote kwa pamoja, nacho ni ile elbo ya kuchanganya maji na moshi, pale nyuma ya injini.

Ndani yake moshi wa moto unakutana na maji ya chumvi. Maji yanakauka kwenye chuma, chumvi inabaki. Masizi yananata juu yake. Tabaka juu ya tabaka mpaka njia inabaki tundu la kupitisha kidole. Moshi ukikosa njia, hewa mpya haiingii ya kutosha ndani ya silinda, dizeli haiungui yote, ukapata weusi na nguvu pungufu. Na tundu la maji linalomwagia humo likiziba, pampu inasukuma ukuta. Vyombo vinavyokwenda polepole kwa muda mrefu, kama mnavyolazimika kupita Mkanda, vinaziba elbo mapema zaidi kwa kuwa moshi wake una masizi mengi.

Piga kwanza vipimo vya FundiLangoni. Kisha ifungue.

NahodhaMtangawanda

Ahsanteni sana. Chujio lilikuwa safi, mpira haujikunji. Matokeo ya ndoo: kwa 1,000 lita 20 zilikwisha kwa dakika 2 na sekunde 50. Kwa 2,500 zilikwisha kwa dakika 2 kamili. Joto kwa 2,600 na mzigo: bomba la kuingia 28, la kutoka 51.

Je, hii yatosha kufungua elbo? Na nikiikuta imeziba naisafisha kwa nini? Hapa watu hutumia maji ya betri.

FundiLangoni

Yatosha. Hesabu: kwa 1,000 unapata lita 7 kwa dakika. Kwa 2,500 ungepaswa kupata karibu 17, unapata 10. Na maji hayo machache yanapanda nyuzi 23, maana yake kipoozeo kinatoa joto lake vizuri. Usikiagize.

Kabla hujafika kwenye elbo ondoa shaka ya pampu, maana impela mpya ndani ya pampu iliyolika haisaidii. Fungua bamba lake. Likiwa na mkwaruzo wa duara unaohisika kwa ukucha, lisugue kwa msasa laini juu ya kioo mpaka liwe bapa, au ligeuze upande wa pili kama ni safi. Gasketi yake iwe karatasi nyembamba ile ile ya asili. Mtu akikata gasketi nene ya kadibodi anaacha nafasi kati ya impela na bamba, maji yanazunguka humo humo. Mkanda wa pampu ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ushuke kidogo tu. Impela ipakwe sabuni ya maji wakati wa kuiweka. Grisi ya kawaida inaulainisha mpira wake.

Ile impela ya zamani ilitoka na mapezi yote? Kama pezi lilikatika, limekwama mbele, mara nyingi kwenye mdomo wa kuingilia kipoozeo. Toa mpira wa hapo utazame kwa tochi. Pezi moja lililokaa vibaya laweza kutoa matokeo haya haya uliyoyaleta.

DeheniNaSifa

Maji ya betri usitumie. Gamba lililomo humo sehemu kubwa ni chokaa, na asidi ya betri ikikutana na chokaa inatengeneza jasi, kitu kigumu kisichoyeyuka kwa urahisi. Unaanza na gamba unamaliza na plasta.

Elbo ifanye hivi. Jioni nyunyizia nati zake oili ya kulegeza kutu, uziache hadi asubuhi. Legeza klipu, toa mpira wa maji na mpira wa ekzosi. Mpira wa ekzosi ukigoma usiuchane kwa bisibisi, umwagie maji ya moto uuzungushe. Nati zikigoma, nenda mbele na nyuma robo kwa robo. Stadi, ile skrubu inayoshika nati, ikikatika ndani ya mwili wa alumini kazi imekuwa nyingine kabisa.

Ukishaitoa tazama sehemu mbili. Njia ya moshi: masizi magumu yagongwe kwa patasi butu na yakwanguliwe. Njia ya maji: ndiyo inayosahaulika. Pitisha waya mnene mpaka uone mwanga kila tundu. Kisha izamishe kwenye asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa kuondolea gamba la birika, gramu 100 kwa lita moja ya maji ya moto. Itatoa povu, povu likikoma na gamba bado lipo, badilisha maji. Siki nyeupe nayo yafaa ila itataka usiku mzima. Asidi ya kusafishia vyoo ni ya haraka lakini inakula chuma chenyewe, na chuma cha elbo iliyotumika kwa muda huwa chembamba tayari.

Baada ya kusafisha igonge kwa nyundo ndogo kuizunguka yote. Chuma kizima kinalia, kilicholika kinatoa sauti ya bubu. Ukisikia sauti ya bubu kwenye ule mgongo unaotenganisha maji na moshi, usiirudishe. Mgongo ule ukitoboka ndani hutaona tone nje, maji yatachirizika kurudi kwenye valvu na silinda usiku injini ikiwa imezimwa. Na usikubali kuchongewa ya bomba la mabati la maji ya nyumbani. Zinki yake haidumu kwenye moshi wa moto na chumvi.

Chagua siku za bamvua ukitaka kuangalia na chini ya chombo kwa safari moja: kipweleze, kitie gadi (miti ya kukiegemeza) pande zote mbili, upate saa za kutosha za kukwangua makombe, kuangalia wavu wa koki na kupaka deheni, yale mafuta ya kulinda mbao. Ila koki usiifungue mpaka maji yamekwisha kabisa chini yake.

KupwaNaKujaa

Niongeze kuhusu maji matamu, kwa sababu kulanti imebadilishwa na hakuna aliyeuliza ilichanganywa na maji gani. Maji ya visima vingi vya Amu na Pate yana chumvichumvi na chokaa. Ukichanganya kulanti na maji hayo, gamba litashika upande wa ndani wa injini, ambako ndoo haipimi. Tumia maji yaliyotoneshwa, au ya mvua yaliyokingwa safi, nusu kwa nusu na kulanti. Kulanti hata huku kwenye joto ni lazima. Kazi yake ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka.

Kifuniko cha tangi nacho kikaguliwe mpira wake. Ni shinikizo lake linaloyafanya maji yasichemke kwenye 100. Kikilegea, maji yanaruka kabla ya wakati na mtu anadhani gasketi ya hedi imeungua.

FundiLangoni

Nahodha, ukiwa unafunga kuna jambo la hatari linaloua injini nzima hapa. Baada ya kazi kama hii injini inaweza kukataa kuwaka mara ya kwanza na ya pili, na mtu anaendelea kupiga stata. Kila mara injini inapozungushwa bila kuwaka, pampu inasukuma maji kwenye mafla na hakuna moshi wa kuyatoa. Yakijaa yanapanda elbo na kuingia silinda. Maji hayabanwi: pistoni ikiyakuta, koneksheni rodi inapinda. Kwa hiyo ukipiga stata mara tatu haijawaka, funga koki ya chini, toa maji ya mafla kwa ile plagi yake, ndipo uendelee. Ikiwaka tu, fungua koki mara moja.

Pima pia kimo cha pale maji yanapoingilia kwenye elbo, chombo kikiwa kimepakia. Magunia na abiria wakiingia mashua inashuka, na kipimo cha mashua tupu hakifai kitu. Kama tundu hilo liko chini ya sentimita 15 juu ya usawa wa bahari, ni lazima kuwe na bomba lililopindwa juu lenye valvu ya kuvunja mvuto kati ya kipoozeo na elbo, ili bahari isijivute yenyewe hadi ndani ya injini ikiwa imezimwa. Valvu hiyo ikishaziba chumvi haifanyi kazi. Ifungue, ioshe kwa maji moto, ipulize kwa mdomo: ipitishe hewa upande mmoja tu.

Ukimaliza, ndoo tena kabla hujatoka gatini. Kwa 2,500 lita 20 ziishe kwa takriban sekunde 70. Zikifika 90 bado kuna kitu njiani, rudi kwenye mdomo wa kipoozeo.

NahodhaMtangawanda

Nimefungua. Njia ya moshi imebaki kama upana wa kidole gumba, na tundu la maji limeziba zaidi ya nusu, chumvi na masizi vimeshikana kama simenti. Nimeigonga, inalia sawasawa pote. Iko kwenye sitriki sasa. Mapezi ya impela ya zamani yalikuwa kamili. Bamba la pampu lina mkwaruzo, nitalisugua.

DeheniNaSifa

Vizuri. Gasketi ya elbo iwe mpya, na nyuzi za stadi zipakwe grisi ya shaba ili siku nyingine zifunguke. Klipu mbili kila mwisho wa mpira wa ekzosi, za stenlesi, skrubu zao zikielekea pande tofauti.

Ukitoka, fungua mafuta yote kwa dakika mbili tatu kwenye maji ya kina na usome mizunguko. Ikifika 3,400 au zaidi na moshi umesafika, umemaliza. Ikikwama 3,100 na maji ya ekzosi ni mengi, tatizo lililobaki liko chini ya chombo au kwenye propela, na hapo utuletee kipenyo na namba iliyochongwa kwenye kitovu chake.

Kisha elbo iingie kwenye ratiba ya kufunguliwa kila saa 500 za injini, au mara moja kwa mwaka, mwisho wa kusi.